Kumtunza Mwimbaji, Kutunza Kanda

Video ninayoizungumzia ni ya shughuli ya kijijini, ina saa tatu na ushei, na robo saa ya kwanza hakuna anayeimba. Turubai limefungwa juu ya barabara ya kijiji, mahali fulani mashariki ya kisiwa cha Java, Indonesia. Mlangoni wamesimamisha migomba miwili mizima na mikungu yake, na juu ya migomba wamepinda makuti machanga, yale ya manjano. Watoto wamekaa chini, mbele kabisa ya jukwaa. Fundi mitambo anagonga maikrofoni. Mshereheshaji anawasalimu wazee wa mtaa mmoja mmoja kwa majina, halafu anatangaza kuwa kuna pikipiki imeziba njia ya gari la vyombo, mwenyewe aje aiondoe. Kamera inasubiri. Hakuna kilichokatwa.

Nimepiga video za harusi Tanga kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo ukiniwekea video ya shughuli macho yangu hayaendi kwa bibi harusi, yanamtafuta mpiga video. Najua bega linaanza kumuuma saa ngapi, najua amesimama juu ya nini ili avione vichwa vya mbele kwa juu. Na kwenye video ile niliona kitu ambacho mimi sikukifanya hata siku moja katika miaka hiyo yote: aliiacha shughuli iwe ndefu kama ilivyokuwa.

Muziki ule ni dangdut, na aina yake inayotamba Java ya mashariki huitwa koplo. Jina dangdut ni mlio wa ngoma tu. "Dang" ni ule mkavu wa juu, "dut" ni ule wa chini unaovutwa kwa kiganja mpaka ukalia kama mtu anayemeza tonge kubwa. Waliouita hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wanaukebehi, kwa kuwa ulikuwa muziki wa vibarua na wachuuzi. Jina likabaki, kebehi ikaisha.

Kabla ya hapo watu waliuita okestra ya Kimalayu, Orkes Melayu, na mpaka leo vikundi vinabeba herufi hizo mbili mbele ya majina yao: OM Sera, OM Monata, OM Adella. Sikiliza rekodi zao za miaka ya 1950 na 1960, mtu wa Mwambao hahitaji mkalimani. Utasikia filimbi, kodiani na fidla, na utasikia tuni za filamu za Kihindi zilizovuliwa maneno yake zikavishwa mengine. Mombasa kazi hiyo aliifanya mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, na wengi tumekua tukidhani tuni zile ni za kwetu tangu mwanzo. Wao walikuwa na mwimbaji Ellya Khadam, ambaye wimbo wake uliomtoa ulikuwa wa mwanasesere kutoka India. Na chini ya yote hayo kuna gambusi. Kule huitwa gambus, na waliolieneza ni watu wa Hadhramaut, hao hao tunaowaita Washihiri, ambao baadhi yao walishuka Lamu na Zanzibar na wengine wakafika mpaka Surabaya, bandari ya Java ya mashariki. Syech Albar wa Surabaya alikuwa ameshaliingiza kwenye santuri kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndiyo maana nasema sikuugundua muziki huu. Niliukuta umekaa upande wa pili wa bahari, umevaa nguo tofauti kidogo, nikamsalimu ndugu.

Aliyeutoa ukumbini akaupeleka uwanjani ni Rhoma Irama, mzaliwa wa Tasikmalaya, na kundi lake la Soneta. Aliichukua filimbi na ngoma ya okestra ya Kimalayu akaipambanisha na gitaa la umeme la namna ya bendi ya roki ya Deep Purple, kisha akatia mawaidha ndani yake: usikeshe ovyo, usicheze kamari. Wakamwita Mfalme wa Dangdut. Serikali ya Rais Suharto haikupendezwa naye, kwa sababu alikipigia kampeni chama cha Kiislamu cha PPP badala ya Golkar, chama cha serikali, na kwa miaka kadhaa televisheni ya taifa, TVRI, haikumwonyesha. Na televisheni nyingine haikuwapo. TVRI ilizaliwa Agosti 1962 ili kurusha Michezo ya Asia kutoka uwanja mkubwa wa Senayan, Jakarta, na ilibaki peke yake hewani mpaka RCTI, televisheni ya binafsi, ilipoanza mwaka 1989. Muziki uliopendwa kuliko wowote na watu wa kawaida ulijifunza mapema kuishi bila televisheni. Uliishi kwenye kaseti, kwenye majumba ya sinema, na kwenye nyua za watu.

Halafu ikaja VCD, sahani ya video, na VCD ndiyo iliyomleta mwimbaji Inul Daratista.

Inul ni mtoto wa Gempol, wilaya ya Pasuruan. Alikuwa akiimba kwenye harusi na jando za vijijini kama waimbaji wengine, na alikuwa na namna yake ya kuzungusha nyonga waliyoiita ngebor, yaani kutoboa kwa keekee. Kamera za shughuli zikamrekodi. Mtu akanakili, mwingine akanakili ile nakala, na sahani zake zikawa zinauzwa chini barabarani kabla wenye studio za Jakarta hawajamjua. Yeye hakulipwa kwa nakala hizo. Televisheni zilipomchukua, mwaka 2003, Rhoma Irama akamlaumu hadharani kuwa anauchafua muziki, maulamaa wakagawanyika, na Abdurrahman Wahid, rais mstaafu na mwanachuoni mkubwa, akamtetea Inul. Mabishano yale yalichangia kuupa moto mjadala wa sheria ya kupinga ponografia, ambayo bunge liliipitisha mwaka 2008.

Mimi niko upande wa Inul, na ushahidi wangu ni zile video za uani. Zitazame vizuri. Nyuma ya nyonga zile kuna bibi kizee amepakata mjukuu, kuna baba anakula wali, kuna mwanamke anapita na sinia la vikombe bila hata kugeuza shingo. Kijiji kilikuwa kimeshamtazama Inul na kumzoea, kwao alikuwa mtu anayefanya kazi yake. Waliopigwa na butwaa ni watu wa mbali waliotazama jambo la uani wakiwa sebuleni kwao.

Neno koplo lenyewe lilitoka kwenye vidonge vya bei rahisi vya kulevya vilivyokuwa vikiuzwa mitaani, kwa kuwa mdundo wake unazungusha kichwa namna hiyo. Waliongeza ngoma, wakazichukua zile za Wasunda wa magharibi ya Java, wakazipiga kwa kasi na kwa kujibizana. Kwenye video hizi mpiga ngoma ni mtu mkubwa. Kamera inamrudia yeye kila baada ya beti mbili, na watu wanajua mkono wake kama sisi tulivyokuwa tukimjua mpiga kinanda kabla hajatajwa. Katikati ya wimbo, mwimbaji anapovuta pumzi, ukumbi mzima unaingiza kelele zake. Kelele hizo zina jina, senggakan. Iliyovuma kuliko zote mwaka 2019 inahusu kinywaji tu, cendol dawet, kile cha tui la nazi na sukari ya mnazi chenye vijikamba vya kijani ndani yake: mmoja anataja kinywaji, umma unauliza bei, anajibu mia tano, kisha wote wanahesabu kwa Kijava kwa pamoja. Iliingizwa katikati ya wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama wima nyumbani kwangu peke yangu. Huzuni inaimbwa juu, chini watu wanauziana kinywaji, na wimbo haubomoki.

Wimbo ule ni wa Didi Kempot, na kwake nitakaa kidogo.

Alizaliwa Solo, mji wa Java ya kati, tarehe 31 Desemba 1966. Kempot si jina la ukoo, ni kifupisho cha kundi la waimbaji wa kandokando ya barabara alikoanzia, akipita na gitaa. Aliimba kwa Kijava, lugha ambayo vijana wa mijini walikuwa wanaiona ya bibi na babu, na nyimbo zake karibu zote ni za kuachwa: kwenye stesheni ya treni, kwenye kituo cha basi, bandarini, kila mahali ambapo mtu anaahidi kurudi. Miaka ya 1990 alikuwa na jina, na lilifika mpaka Suriname, Amerika ya Kusini, ambako Wajava walipelekwa kwa mikataba ya vibarua kuanzia mwaka 1890 na wajukuu wao bado wanakisikia Kijava. Kisha akawa mwimbaji wa shughuli za wazee.

Mwaka 2019 mtu alirekodi kwa simu vijana wakimwimbia nyimbo zake neno kwa neno huku wanalia. Video fupi, ya mkono unaotetemeka, ikasambaa. Mwezi Julai mwaka huo mtangazaji Gofar Hilman akamkalisha Solo kwa mazungumzo mbele ya watu, wakajaa vijana wasiotarajiwa, mazungumzo yakawekwa YouTube, na ndani ya wiki chache mzee wa nyimbo za stesheni akawa anaitwa baba wa waliovunjika moyo. Mashabiki walijiita Sobat Ambyar. Sobat ni sahibu, na ambyar ni kitu kilichoanguka kikatawanyika vipande vipande. Wasichana wa chuo wenye hijabu, wavulana wa mashati ya bendi za roki, wote wanalia kwa sauti na wote wanacheza. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kila kitu, aliimba kutoka nyumbani kwenye televisheni kuchangia waathirika, zikapatikana zaidi ya rupia bilioni 7. Tarehe 5 Mei akafariki ghafla, Solo, akiwa na miaka 53. Nilikuwa sijamjua hata mwaka mmoja, nikakaa na msiba wake siku nzima.

Watu husema intaneti ndiyo iliyomfufua, nami nadhani wamekosea mahali. Kilichomfufua ni kwamba nyimbo zilikuwepo. Miaka ishirini watu wa shughuli walimrekodi, wakauza VCD, na VCD zilipokufa kuna watu walikaa na rafu zao wakazipandisha YouTube moja moja, na nembo ya mpiga video kwenye pembe na namba yake ya simu inayopita chini kwa anayetaka kumkodi. Kijana wa 2019 alipotafuta, alikuta. Angetafuta akakuta patupu, machozi yale yangeishia kwenye ile video ya simu.

Namba ya simu inayopita chini, hilo ndilo lililonichoma mimi mwenye kazi hiyo. Video za shughuli Java hazikutengenezwa kwa ajili ya ulimwengu. Zilitengenezwa kwa ajili ya mwenye shughuli, majirani, na kijiji cha pili kinachotaka kujua okestra ipi ni nzuri kabla ya kuilipia. Mwimbaji Via Vallen alitokea humo humo, upande wa Sidoarjo, akiimba na OM Sera. Nella Kharisma wa Kediri vilevile, na wimbo wake wa mwaka 2017, Jaran Goyang, ulitazamwa zaidi ya mara milioni mia moja. Na tarehe 18 Agosti 2018, Michezo ya Asia iliporudi Jakarta, aliyeimba wimbo rasmi siku ya ufunguzi alikuwa Via Vallen, katika uwanja ule ule wa Senayan ambako TVRI ilianzia. Miaka minne baadaye, siku ya uhuru, Farel Prayoga, mtoto wa miaka 12 kutoka Banyuwangi aliyekuwa akiimba barabarani, aliimba wimbo wa Kijava Ikulu mbele ya Rais Joko Widodo, na mawaziri wakainuka kucheza. Muziki uliofungiwa mlango wa televisheni ukaingia kwa mlango wa Ikulu.

Hayo si kusema kila kitu ni sawa. Katika koplo wimbo mmoja huimbwa na okestra thelathini, na pesa za matangazo humfuata aliyepandisha video. Mtunzi anaweza kubaki mikono mitupu. Mwaka 2018 Jerinx, mpiga ngoma wa bendi ya Superman Is Dead ya Bali, alilalamika waziwazi kuwa wimbo wao umegeuzwa koplo na kuuzwa bila ridhaa, na nilipomsikia nikasema ana haki. Tena kuna suala la heshima ya mwanamke jukwaani. Mwaka huo huo Via Vallen alianika ujumbe wa kumdhalilisha aliotumiwa na mwanasoka, na kati ya waliojibu wapo waliomlaumu yeye, eti mwimbaji wa dangdut anashangaa nini. Neno hilo, "anashangaa nini," tunalijua. Limeshasemwa kwa kila mwanamke aliyewahi kushika maikrofoni ya taarabu.

Na hapa nifike kwenye kutunza. Java wanaita saweran. Mtu anapanda jukwaani na kitita cha noti ndogondogo, anacheza mbele ya mwimbaji, anampa moja, anacheza, anampa ya pili, hana haraka, na mshereheshaji anataja jina lake na mtaa wake. Ukiondoa khanga na kuweka shati la batiki, hapo ni Ngamiani, kwetu Tanga. Mama anatoka kwenye kiti chake kwa madaha, noti kaikunja kwa urefu, ubeti uliomgusa ndio anaoutunzia, na kila mtu ukumbini anajua ujumbe umekwenda kwa nani. Siku hizi Wajava wamelihamishia neno lile kwenye simu. Mtu akirusha matangazo ya moja kwa moja na watazamaji wakamtumia zawadi, wanasema wanamnyawer, na kuna hata huduma ya kuchangia inayoitwa Saweria.

Kiswahili kimetupa neno lenye mikono miwili. Tunamtunza mwimbaji kwa kumpa noti, na tunatunza kitu kwa kukiweka kisipotee. Mkono wa kwanza tumeutumia sana. Wa pili, kwa upande wangu, naueleza.

Nilikuwa natumia kanda ndogo za Mini DV, na zilikuwa ghali. Kila mpiga video niliyemjua alifanya nilivyofanya: unapiga, unahariri, unampa mteja sahani yake, unarekodi shughuli ya wiki inayofuata juu ya kanda ile ile. Mteja alitaka pete, keki, zawadi, mama mzazi akilia. Vingine vyote vilikuwa vya kukata. Mwaka 2006 kulikuwa na harusi Makorora. Mvua ilikuwa imenyesha, umeme ukakatika, jenereta likachelewa kuwaka. Lilipowaka, mama mmoja mtu mzima wa upande wa bibi harusi, aliyewahi kuimba taarabu ujanani mwake, akaombwa aimbe ili watu wasiondoke. Aliimba kama nusu saa. Alikaa kitini, miguu yake ilikuwa imevimba, mkono wa kushoto ameshika ncha ya khanga na wa kulia unapima ubeti hewani. Wanawake walimtunza mpaka noti zikawa zinateleza kutoka mapajani mwake na mtoto anaziokota. Niliipiga yote, tena niliipiga vizuri. Kisha studioni nikaikata ikabaki dakika moja na nusu, nikaifuta sauti yake kwa sababu jenereta lilikuwa linanguruma nyuma, nikaweka juu yake wimbo wa CD uliokuwa unapendwa mwaka ule. Kanda nikairudia Jumamosi iliyofuata.

Siku hizi nikimaliza kazi za usiku hufungua video za Java na kusoma maoni ya chini, polepole, kwa kubahatisha. Kiindonesia kinanisaidia njiani: bendera ni bendera, dunia ni dunia, meja ni meza, sabun ni sabuni, miskin ni maskini. Chini ya video ya zamani ya OM moja, picha imefifia na sauti inapasuka, mtu ameandika kuwa mpiga filimbi aliyekaa nyuma kushoto ni marehemu baba yake, na ametaja dakika ambayo baba anaonekana vizuri. Waliomjibu ni wengi. Wanamwombea, na wengine wanamtajia dakika nyingine ambazo yeye hakuziona.

Mjukuu wa yule mama wa Makorora alinitafuta mwaka juzi. Bibi alikuwa ameshafariki, na ndugu walikumbuka kuwa siku ile palikuwa na kamera. Nilipekua kila sanduku, nikakuta sahani ya harusi ile. Nikamwonyesha. Bibi yake yuko kitini, ncha ya khanga mkononi, mdomo unafunguka na kufumba, mkono unapima hewani, na sauti inayosikika ni ya mtu mwingine kabisa. Nilimweleza kilichotokea, sikumficha. Alitazama mara mbili bila kusema neno. Kisha akatoa flashi mfukoni akaniomba nimwekee hivyo hivyo, ila niiondoe ile sauti ya juu, akae nayo kimya.